Kinjikitile Ngwale

Kinjikitile Ngwale (pia huandikwa Kinjeketile, alifariki Mohoro, 4 Agosti 1905) alikuwa mganga na mtabiri kutoka Ngarambe, katika nchi ya Umatumbi, kusini mwa mto Rufiji. Anakumbukwa kama mtu aliyetoa dawa ya maji iliyoaminiwa kuwakinga wapiganaji dhidi ya risasi. Kutokana na dawa hiyo, upinzani mkubwa dhidi ya utawala wa Wajerumani katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani uliitwa Vita vya Majimaji (1905-1907).

Ujumbe wake uliwafikia watu wa makabila mengi katika mikoa ya leo ya Pwani, Lindi, Mtwara, Ruvuma, Morogoro na Iringa. Wapo walioupokea mara moja, wapo waliosita kwanza, na wapo walioukataa kabisa. Kwa sababu hiyo maisha yake mafupi mbele ya umma yamechunguzwa sana na wanahistoria wanaotaka kuelewa jinsi jamii inavyoamua kuamini au kutoamini neno jipya.

Mazingira ya wakati wake

Habari za kuzaliwa kwa Kinjikitile na za ujana wake hazikuandikwa. Anaonekana katika historia akiwa tayari mtu mzima, anakaa Ngarambe, mahali ambapo leo ni sehemu ya wilaya ya Rufiji.

Wakati huo watu wa kusini-mashariki walikuwa chini ya utawala wa Wajerumani kwa miaka isiyozidi 20. Tangu mwaka 1898 kila nyumba ilitozwa kodi, na aliyeshindwa kulipa alipelekwa kufanya kazi ya lazima. Vijijini serikali ilitawala kwa njia ya maakida na majumbe, na wengi wa maakida walitoka pwani. Mwaka 1902, wakati wa gavana Gustav Adolf von Götzen, ulianzishwa mpango wa mashamba ya pamba ya kijiji. Watu walilazimishwa kulima mashamba hayo kwa siku nyingi za mwaka, mara nyingi katika msimu uleule waliohitaji kuhudumia mashamba yao ya chakula. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba baadhi ya wakulima walikataa kuyapokea.

Malalamiko hayo yalikuwepo kila mahali, lakini kila ukoo ulikuwa na kiongozi wake, na Wamatumbi hawakuwa na mfalme mmoja wa kuwaita watu wote pamoja. Kumbukumbu ya wale waliopigana mmoja mmoja na kushindwa kwa bunduki ilikuwa bado mbichi. Kwa hiyo aliyetaka watu wainuke tena alipaswa kujibu maswali mawili: nani angewaunganisha, na risasi zingezuiwa kwa njia gani.

Imani zilizotangulia: Bokero na Kolelo

Ujumbe wa Kinjikitile haukuanza mahali patupu. Kando ya mto Rufiji kulikuwa na mahali patakatifu pa Bokero, ambako watu walikwenda kuomba mvua na mazao. Hongo alijulikana kama pepo aliyekuwa chini ya Bokero.

Katika milima ya Uluguru palikuwa na mahali pengine pa aina hiyo, yaani pango la Kolelo. Pango hilo liko upande wa kusini wa milima, katika eneo ambalo hadi leo linaitwa Kolero, mbali na mji wa Morogoro na vitongoji vyake kama Mafiga vilivyo chini ya miteremko ya kaskazini. Kolelo alisemwa kuwa pepo mwenye umbo la nyoka mkubwa, na watunzaji wa pango walipokea maombi kwa niaba yake. Waluguru hawakuwa peke yao kumheshimu. Wazaramo wa nchi za chini kuelekea pwani walifunga safari ndefu hadi milimani kupeleka zawadi wakati wa ukame. Katika masimulizi ya eneo hilo Kolelo na Bokero walihesabiwa kuwa na uhusiano.

Mahali hapa palikuwa na mambo mawili muhimu. Kwanza, watu wa makabila mbalimbali walikuwa wamezoea kupokea neno kutoka sehemu moja takatifu bila kuulizana kabila. Pili, maji, mvua na dawa ya shamba vilikuwa vitu ambavyo kila familia ilivijua. Kinjikitile alipotoa maji kama dawa, alitumia kitu kilichokuwa tayari kinaaminiwa, akakipa kazi mpya.

Kushukiwa na Hongo

Kwa mujibu wa wazee waliohojiwa miaka ya 1960, mnamo mwaka 1904 Kinjikitile alishikwa na pepo Hongo. Masimulizi mengine yanataja mwaka 1902. Inasimuliwa kwamba alitambaa kwa tumbo hadi kwenye bwawa la mto Ngarambe akazama humo. Ndugu zake walijaribu kumshika wakashindwa, na waliopiga mbizi kumtafuta hawakumwona. Kesho yake asubuhi alitoka majini akiwa na nguo kavu, akaanza kutabiri.

Habari hii ilienea kwa haraka. Ilikuwa na mambo ambayo msikilizaji wa wakati ule angeyadai kwa mtabiri wa kweli: mashahidi kutoka ukoo wake, jaribio la kumwokoa lililoshindikana, na alama inayoonekana kwa macho, yaani nguo ambazo hazikulowa.

Mafundisho na dawa ya maji

Kinjikitile alifundisha kwamba watu weusi wote ni wamoja, na kwamba mizimu ya mababu iko Ngarambe tayari kuwasaidia watoto wao. Alijenga nyumba kubwa iliyoitwa Kijumba Nungu, maana yake nyumba ya Mungu, ambamo mababu walisemwa kukaa. Mafundisho hayo yalijibu swali la umoja: aliyekuja Ngarambe alikuja kwa mababu wa wote.

Swali la pili lilijibiwa na maji. Dawa ilichanganywa maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama. Mtu alinyunyiziwa au kupakwa, na kiasi fulani kilichukuliwa katika vyombo vidogo ili kupelekwa kwa wengine. Aliyepokea aliahidiwa kwamba risasi za Wajerumani zingegeuka maji na kuanguka bila kumdhuru. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na masharti. Mpiganaji alitakiwa kujitenga na wanawake wakati wa vita, asipore mali, na katika masimulizi mengine asigeuke kutazama nyuma. Masharti haya yalikuja kuwa na maana kubwa baadaye, dawa iliposhindwa.

Jinsi ujumbe ulivyoenea

Ujumbe ulisambazwa kwa njia iliyoitwa njwiywila, yaani mnong'ono wa siri kutoka kwa mtu hadi mtu. Aliyenong'onezwa aliipata habari kutoka kwa ndugu, shemeji au rafiki aliyemfahamu. Hivyo uzito wa habari ulitegemea uaminifu wa yule aliyeileta.

Baada ya kusikia, wengi hawakutosheka na habari tu. Walisafiri kwa makundi ya koo hadi Ngarambe kujionea wenyewe, wakatoa mchango mdogo, wakapokea dawa na kurudi. Wenye mamlaka waliouliza sababu ya safari hizo waliambiwa kwamba watu wanakwenda kwa mganga kutafuta dawa ya mazao. Jibu hilo halikuwa la ajabu, kwa kuwa safari za namna hiyo zilikuwa desturi.

Huko Ngarambe na baadaye vijijini wanaume walifundishwa mazoezi ya kivita yaliyoitwa likinda. Mazoezi hayo yaliwafanya wajione kuwa jeshi moja. Mtu aliyekuwa na shaka nyumbani kwake alijikuta amesimama mstarini pamoja na mamia ya watu wenye nia ileile.

Kwa sehemu za mbali walitumwa wajumbe waliobeba maji. Wajumbe hao nao waliitwa hongo, kwa jina la pepo. Omari Kinjala, aliyepeleka maji Ungoni, ni mmoja wa wanaokumbukwa. Mahali pengi maji yalipokewa pia kama dawa ya kuondoa uchawi. Mwanahistoria John Iliffe alionyesha kwamba jambo hilo liliwapa wajumbe nguvu ya ziada, kwa sababu mtu aliyekataa kunywa au kunyunyiziwa aliweza kushukiwa kuwa mchawi. Hivyo si kila aliyepokea maji alikuwa ameshawishika moyoni. Wengine walipokea ili wasitengwe na jirani zao.

Waislamu nao walikuwemo. Abdallah Mapanda, mmoja wa viongozi wakuu wa Wangindo, alikuwa na jina la Kiislamu na aliongoza vita kwa miaka miwili. Kwa wengi dawa ya maji haikuonekana kuwa dini mpya inayodai dini ya zamani iachwe.

Kuanza kwa vita na kifo chake

Kinjikitile aliwataka watu wasubiri amri. Lakini imani aliyoieneza haikubaki mikononi mwake. Mwezi Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliochoka kungoja waling'oa mimea ya pamba katika shamba la serikali. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita. Akida wa Kibata, Sefu bin Amri, alishambuliwa, na siku chache baadaye mji mdogo wa Samanga karibu na pwani ulivamiwa.

Wajerumani walimkamata Kinjikitile wakampeleka Mohoro. Tarehe 4 Agosti 1905 alinyongwa kwa kosa la uhaini pamoja na msaidizi wake. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alitangaza kuwa kifo chake hakitabadilisha kitu, kwa maana dawa yake ilikuwa imekwisha kufika Kilosa na Mahenge. Ndugu yake aliendelea na kazi kwa cheo cha Nyamguni.

Kifo cha mtabiri kingeweza kuonekana kama uthibitisho kwamba maji hayana nguvu. Haikuwa hivyo. Mapigano makubwa yote yalitokea baada ya siku hiyo. Tarehe 14 Agosti askofu Mbenedikto Cassian Spiss na wenzake wanne waliuawa wakiwa safarini katika nchi ya Wangindo, na katika mwezi huohuo boma la Liwale lilitekwa.

Uluguru, Kilosa na Mahenge

Katika nchi za Morogoro ya leo ujumbe wa maji ulikutana na jina la Kolelo. Katikati ya mwaka 1905 ilienea habari miongoni mwa Wazaramo na majirani wao kwamba Kolelo amekataza kulipa kodi kwa wageni, na kwamba gharika itawaangamiza. Wamisionari waliokuwa Uzaramo waliandika habari hizo. Watu wa huko hawakuhitaji kumjua Kinjikitile. Neno liliwafikia kwa jina walilokuwa wakiliheshimu tangu zamani. Mapigano yalifika Kisaki, upande wa kusini wa Uluguru, na Kilosa upande wa magharibi.

Kipimo kikubwa kilikuja Mahenge. Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya wapiganaji, wakiwemo Wapogoro na Wambunga, walishambulia boma la Wajerumani lililoongozwa na Theodor von Hassel. Walisonga mbele katika uwanja ulio wazi mbele ya bunduki za rashasha, wakauawa kwa mamia. Baada ya siku hiyo kila aliyenusurika alikuwa na ushahidi wake mwenyewe kuhusu dawa.

Waliokataa

Wako watawala waliokataa maji tangu mwanzo. Wahehe, waliopigana na Wajerumani chini ya Mkwawa hadi kifo chake mwaka 1898, hawakujiunga. Kiwanga, mtawala wa Wabena katika bonde la Kilombero, aliwaunga mkono Wajerumani. Vilevile Merere wa Usangu alisimama upande wa serikali.

Kukataa huko hakukuwa lazima kutokane na kupima dawa yenyewe. Utafiti wa Jamie Monson kuhusu nyanda za juu za kusini na bonde la Kilombero umeonyesha kwamba uamuzi wa viongozi ulifuata mapatano na uhasama wa zamani. Aliyepata kinga dhidi ya adui zake kwa msaada wa Wajerumani alikuwa na sababu ya kutilia shaka dawa, hasa ilipoletwa na watu wa upande wa adui. Aliyepoteza ardhi au heshima alikuwa na sababu ya kuipokea. Hata waliopokea na waliokataa waliweza kuwa na imani zilezile kuhusu pepo na dawa.

Dawa iliposhindwa

Kushindwa kwa maji hakukuleta jibu moja. Katika vita vya Uwereka, mwezi Oktoba 1905, Wangoni walikutana na bunduki za rashasha za Wajerumani, na masimulizi yanasema kwamba wengi walitupa dawa wakiwa wanakimbia na kuilaani kuwa udanganyifu. Hata hivyo vita havikuisha Ungoni. Viongozi waliendelea kupigana kwa kuvizia, bila kutegemea dawa. Kwao haki ya kupinga utawala wa kigeni ilikuwa jambo moja, na nguvu ya maji jambo lingine.

Wengine waliilinda imani kwa kurejea masharti. Aliyekufa alisemwa kuwa alivunja mwiko: alilala na mwanamke, alipora au aligeuka nyuma. Maelezo hayo yalikuwa magumu kupinga, kwa sababu aliyeweza kuyakanusha alikuwa amekwisha kufa. Yaliweza kuendeleza imani kwa muda, hasa mahali ambapo mapigano ya ana kwa ana hayajatokea bado.

Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji, mashamba na maghala ya chakula. Mapigano yalikwisha mwaka 1907, lakini njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Makadirio rasmi ya Wajerumani yalitaja Waafrika 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria 250,000 hadi 300,000. Upande wa serikali walikufa Wazungu 15, askari Waafrika 73 na wasaidizi 316.

Tarehe 27 Februari 1906 viongozi wengi wa Wangoni, akiwemo Mputa Gama, walinyongwa Songea. Baadhi yao walibatizwa muda mfupi kabla ya kufa. Katika miaka iliyofuata Uislamu ulienea sana kusini-mashariki, na misheni za Kikristo zilipata waumini wengi Ungoni. Wakati huohuo imani katika dawa za kuondoa uchawi haikutoweka. Waganga waliotembea kijiji hadi kijiji kunywesha watu dawa walionekana tena katika miaka ya 1920 na baadaye.

Maoni ya wanahistoria

Maafisa wa Kijerumani walioandika mapema, akiwemo gavana von Götzen, walisisitiza nafasi ya waganga na ushirikina. Maelezo hayo yalipunguza uzito wa kodi na kazi ya lazima kama chanzo cha vita.

Baada ya uhuru wa Tanganyika mtazamo ulibadilika. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee katika maeneo ya vita. Gwassa, ambaye mwenyewe alikuwa Mmatumbi, alieleza kwamba Kinjikitile aliwapa watu itikadi ya umoja iliyovuka mipaka ya koo na makabila. Iliffe alikubali umuhimu wa dini, akaongeza kwamba kadiri ujumbe ulivyokwenda mbali na Umatumbi ndivyo kila jamii ilivyoupa sura yake. Watafiti wa karibuni zaidi, kama Thaddeus Sunseri na Felicitas Becker, wametilia mkazo njaa, mabadiliko ya maisha ya vijijini na siasa za kila eneo, na wameonya dhidi ya kumfanya mtu mmoja kuwa chanzo cha vita vyote.

Tatizo moja linabaki kwa wote: Kinjikitile hakuacha maandishi. Yote yanayojulikana kumhusu yametoka kwa maadui waliomnyonga au kwa wazee waliokumbuka zaidi ya miaka 60 baadaye, wakijua tayari jinsi mambo yalivyoishia.

Kumbukumbu

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein alichapisha tamthilia ya Kinjeketile, ambayo imesomwa na vizazi vingi vya wanafunzi wa Kiswahili. Mhusika mkuu wa tamthilia hiyo anatiwa shaka na neno alilolitoa mwenyewe, wakati wafuasi wake wamekwisha kulishika kwa nguvu kuliko yeye. Mwandishi alieleza kwamba mhusika huyo ni wa kubuni na si sawa na mtu wa historia, lakini kwa wasomaji wengi sura ya Kinjikitile imechanganyika na ya tamthilia.

Tangu harakati za kudai uhuru, Vita vya Majimaji vimetajwa kama mfano wa watu wa makabila mbalimbali kuungana. Makumbusho ya vita hivyo yako Songea, na huko Nandete, pamba ilipong'olewa, kuna mnara wa kumbukumbu.